Mtoto Mtulivu wa Ng'ambo ya Kijito

Watu wa milima ya Dongobesh hawamfukuzi mtu. Wanamzunguka tu, kama jembe linavyozunguka kisiki, na siku zinakwenda. Ukiwauliza kama wanakuchukia watashangaa kwelikweli, maana hakuna aliyekutukana wala aliyekunyima salamu. Salamu utapewa, ila kwa mbali, na anayekupa atakuwa ameshaanza kugeuka aende zake.

Hilaria alikuwa anazungukwa hivyo tangu alipomzika mwanawe.

Alikuwa mtoto wa kiume. Alizaliwa mzima, akaugua ghafla, akafa kabla hajapata jina. Kwa desturi ya Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga inaingia metimani, yaani inatengwa. Wenye nyumba hawaingii kwa mtu, hawachoti maji pamoja na wenzao, hawaombi moto wala chumvi, na zaidi ya yote hawakanyagi penye mjamzito au mtoto mchanga, wasije wakapeleka huko kile kilichowapata wao. Mwaka ukizunguka, wazee wanakaa kikao na kuwatoa. Paroko alikuwa ameikemea metimani kanisani zaidi ya mara moja. Watu waliitika amina kwa sauti nzuri, wakatoka nje, wakarudi nyumbani kwa njia ya juu ili wasipite mlangoni kwa Hilaria.

Mtu mwingine angeweza kuuvumilia mwaka huo shambani kwake, akapalilia maharage na kulia akichoka. Kwa Hilaria ilikuwa kama kukatwa mikono, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa kuingia kwenye nyumba za watu. Alikuwa mhudumu wa afya wa kitongoji. Alichaguliwa mkutanoni, akapelekwa semina, akarudi na begi la mgongoni na kizibao cha bluu, na tangu hapo hakuna mimba iliyotunga katika kitongoji kile asiijue, wakati mwingine kabla ya mwenye mimba. Aliketi jikoni kwa watu, akala viazi vyao, akawaambia wasiyotaka kusikia. Wajawazito walimkimbia wakicheka, naye aliwafuata akicheka, na kwa miaka kadhaa kitongoji hakikuzika kichanga.

Kisha kikazika cha kwake. Na aliyoyafanya Hilaria kumwokoa yalikuwa yote aliyofundishwa. Aliiona dalili mapema, alimkimbiza kituoni, hakuchelewa hata kidogo. Mtoto akafa vilevile. Hilo semina haikulifundisha, na majirani walilitafsiri wanavyojua wao.

Mumewe, Nikolausi, alikaa metimani mwezi mmoja. Kisha akakumbuka kwamba kule Basotu kwenye mashamba ya ngano wanahitaji watu, na kwamba Basotu hakuna anayejua nani kamzika nani. Akaenda. Simu alikuwa anapiga, huo si uongo. "Ukishatolewa nitarudi," alimwambia. "Kukaa wawili tumetazamana tu hakutusaidii." Hilaria aliona kwamba kungemsaidia sana.

Kazi yake alikabidhiwa Felician wa kitongoji jirani. Kijana mwema, mwenye bidii, na mwanaume. Mwanaume haingii chumbani kwa mzazi. Basi Felician alikuwa anasimama uani na kizibao chake kipya, anauliza, "Mtoto hajambo?" Ndani wanajibu, "Hajambo." Felician anashukuru na kuondoka, na kweli angefanya nini tena.

Aliyebaki kumsemesha Hilaria ni Judica, jirani wa ng'ambo ya kijito. Huyu alikuwa mjane mtu mzima, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka kilima. Siku ya msiba ndiye aliyemfunga Hilaria kanga kiunoni, na kesho yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kuja. Hilaria hakumlaumu. Judica alikuwa mtu wa kufuata taratibu zote, za kanisa na za wazee, na zilipogongana alizifuata zote mbili. Asubuhi, mmoja akichota maji juu penye watu wote na mwingine akichota chini penye Hilaria peke yake, walikuwa wanazungumza, kijito kikiwa katikati yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Nimelala."

Alikuwa hajalala, na Judica alijua. Siku moja yule mama aliweka ndoo chini, akasema, "Nimeongea na mzee Hhando. Amekubali. Mavuno yakiisha wanakutoa. Na siku hiyo nyumba ya kwanza kuingia ni yangu. Utakula ugali wangu, ndani, karibu na moto. Nimeshamwambia kila mtu."

Hilaria alirudi nyumbani akiwa ameyashika maneno hayo kuliko ndoo. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani. Kila asubuhi alitoka kuyatazama, akayaomba yafanye haraka.

Ni katika siku hizo za kusubiri ambapo Loveness, mke wa Yohanes mwana wa Judica, alijifungua. Alijifungulia nyumbani, kwa ghafla, mwezi mzima kabla ya siku zake, na Judica ndiye aliyempokea mtoto kwa mikono yake. Alikuwa msichana. Hilaria alijua mtoto amezaliwa kwa kumsikia. Alikuwa anaanua nguo nyumbani kwake, mara ng'ambo kikatoka kilio chembamba, kikakatika, kikarudi. Alisimama na shuka mkononi. Huyo ni njiti, akajisemea. Anahitaji kifua cha mama yake, si blanketi.

Akapaza sauti kutoka kijitoni. "Mama, mwambie Loveness amvue nguo, amlaze kifuani, ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote wawili!"

"Nimemfunga vizuri kabisa," akajibu Judica, na furaha ilikuwa imemjaa sauti. "Nimemweka karibu na moto. Usihangaike, Hilaria."

Hilaria akahangaika. Alimpigia Loveness simu, ikapokelewa na Judica. Alimpigia Konsolata, nesi wa kituo cha Dongobesh, na Konsolata akampigia Yohanes, na Yohanes akampa simu mama yake. Baada ya muda Konsolata akampigia Hilaria.

"Wanasema mzima. Wanasema analala vizuri. Nimewaambia wamlete nimwone, mama anasema mtoto mchanga hatolewi nje kwenye upepo huu. Mimi niko zamu peke yangu, dada, siwezi kuacha wodi. Wewe uko karibu. Huwezi kwenda?"

Konsolata alikuwa ametokea Moshi. Hilaria alimjibu kwamba atajaribu, maana kuelezea metimani kwa simu ni kazi ya siku nzima.

Kuanzia hapo akawa anaisoma nyumba ya ng'ambo kutoka kwake, kwa macho na masikio. Judica alikuwa anaanika vitambaa vya mtoto juu ya ua wa michongoma. Mwanzoni vilikuwa vingi, vimejaa ua. Halafu vikapungua. Halafu vikawa viwili tu, na mtoto asiyekojoa ni mtoto asiyenyonya. Kilio nacho kilikuwa kinapungua vilevile. Hilaria alikuwa anaacha kupika ili asikilize. Alikuwa ameshakisikia kimya cha namna hiyo, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hakukuwa na mtu duniani wa kumwambia kwamba anakisikia tena.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Judica kijitoni, anang'aa.

"Shikamoo, mama. Mtoto?"

"Marahaba. Mtoto ana utulivu huyo! Sijaona. Analala tu. Hata kunyonya hasumbui, tangu jana amefumba macho yake kama malaika. Yohanes alikuwa analia usiku na mchana, huyu amemfuata babu yake mpole."

"Mama, njiti asiyelia anaumwa. Mguse miguu. Ni ya baridi?"

Judica akaacha kutabasamu. "Hilaria," akasema polepole, kwa upendo kabisa, na hilo ndilo lililouma, "najua uliyoyapata. Ukiona mtoto unaona kaburi. Si kosa lako. Lakini usimtabirie mjukuu wangu."

Akajitwika ndoo, akapanda. Hilaria alibaki ameinama juu ya maji.

Basi akaketi juu ya jiwe, akafikiri, na kwa kuwa hakuwa na wa kushauriana naye alijishauri mwenyewe. Kusema amesema. Simu amepiga. Felician akija atauliza kama mtoto hajambo, na atajibiwa hajambo. Akienda mwenyewe kwa kubembeleza, watamzuia kwenye ua. Na akipita kwa nguvu, akaingia ndani, basi...

Hapo alinyanyua kichwa.

Akiingia ndani, nyumba ile itakuwa imeguswa. Mtu wa metimani akikanyaga penye mtoto mchanga, mtoto hakai tena humo hata dakika moja. Desturi haijui upepo wala baridi katika jambo hilo. Mtoto lazima atolewe, na Judica havunji desturi. Tena hakuna jirani atakayewapokea, kwa sababu watakuwa wanatoka kwenye nyumba iliyoguswa. Watakwenda wapi? Kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sidhani kama walimfikiria mgeni wa namna hii, ambaye mwenyeji anapona kwa kumkimbia.

Hilaria alijua bei yake. Mavuno yalikuwa karibu, na ugali wa Judica ulikuwa karibu, na Nikolausi pengine naye. Akivuka, vyote hivyo vinarudi nyuma. Na mtoto akifa njiani, hapatakuwa na mtu katika milima ile atakayesema alikufa kwa ugonjwa. Watasema Hilaria amemuua, na watalisema mpaka kwa wajukuu wao. Alikaa pale baridi ya jiwe ikimwingia, akatamani mtu mwingine yeyote awe ndiye yeye. Kutoka ng'ambo hakikuja kilio. Alisubiri kidogo, bado hakikuja. Akainuka, akavuka.

Judica alikuwa uani anapepeta maharage. Alimwona akipita kwenye ua, ungo ukasimama hewani.

"Hilaria. Simama hapo."

Hakusimama.

"Hilaria, mwanangu, unapotea. Hapa si kwako. Rudi."

Alimpita karibu sana kiasi cha kusikia harufu ya sabuni kwenye kanga yake, harufu ya mtu, ambayo alikuwa ameisahau. Akainama mlangoni, akaingia.

Ndani kulikuwa na moshi na joto. Loveness alikuwa ameketi kitandani, blauzi imelowa maziwa, na macho yake yalionyesha amelia peke yake kwa siku nyingi. Hakupiga kelele. Alimtazama Hilaria kama mtu aliyekuwa anamsubiri, akafunua blanketi mwenyewe. Mtoto alikuwa mdogo mno, amegeuka manjano, midomo mikavu. Hilaria alimshika mguu. Ulikuwa wa baridi, pale pale pembeni ya moto.

"Hanyonyi," Loveness akanong'ona. "Nimemwambia mama. Anasema ni mtulivu."

"Nisikilize. Mvue. Muweke hapa, katikati ya maziwa yako, kichwa juu. Jifunge naye na kanga, kaza. Usimtoe hapo mpaka kituoni. Mkiwa njiani mkamulie maziwa mdomoni, tone kwa tone. Ukifika mwambie Konsolata hajanyonya tangu jana. Usiseme ni mtulivu. Sema hajanyonya."

Loveness alikuwa ameshaanza kujifunga kanga.

Judica alisimama mlangoni. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na mikono yake ilikuwa imeshika miimo ya mlango kwa pande zote mbili.

"Umetuua," akasema. Hakupaza sauti. "Nilikutengenezea siku yako ya kutoka. Nilikuombea kwa wazee. Nimekukosea nini?"

Hilaria angeweza kumjibu. Alikuwa na maneno ya kutosha, ya karibu mwaka mzima. Lakini aliona kwamba akieleza, Judica atafikiri, na akifikiri atatafuta njia ya kubaki, maana wazee wana dawa ya kila kitu ukiwapa nafasi. Kilichohitajika pale ni hofu tu, na hofu ilikuwa yeye. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo lilimchukiza mwenyewe. Alikwenda akaketi kwenye kigoda cha Judica, karibu na moto, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika kwake.

"Nimeingia, mama," akasema. "Nimemgusa. Mtoto huyu halali humu tena."

"Twende wapi? Nani atatupokea?"

"Kituoni Dongobesh. Nyumba ya serikali haina jiko la mtu. Haiguswi."

Judica alimtazama mara moja tu, kisha akatoka nje na kumwita Yohanes kwa ile sauti yake ya ng'ombe. Yohanes alitoka mbio bondeni alikokuwa anakata majani, akasukuma pikipiki, wakapanda mishikaki: yeye mbele, Loveness katikati na mtoto kifuani, Judica nyuma amewakumbatia wote wawili asiuache upepo upite. Hakuna aliyeangalia nyuma. Pikipiki ikashuka, ikapanda kilima cha pili, ikanyamaza.

Hilaria alibaki ndani ya nyumba ya watu. Kuku waliingia, wakamwona hawamjui, wakatoka. Ilikuwa nyumba ya kwanza kuingia tangu msiba, na alikuwa amekaa mahali palepale alipoahidiwa kukaa, karibu na moto, na hakukuwa na mtu. Akalia hapo, kwa sauti, kwa sababu hakukuwa na wa kumsikia. Kisha akafukia moto kwa majivu usije ukaunguza nyumba, akakusanya maharage yaliyomwagika, akarudi kwa kupitia mawe yaleyale.

Habari alizipata kwa simu, kwa Felician, ambaye alikuwa anampigia akiwa nyuma ya zahanati ya kwao asisikiwe. Mtoto amewekewa mpira puani, anapitishiwa maziwa. Mtoto amelazwa chini ya taa. Mtoto amefungua macho. Siku moja akampigia akiwa amechanganyikiwa kidogo, kama mtu aliyetumwa kitu asichotaka kukibeba.

"Ananyonya, dada Hilaria. Ananyonya mwenyewe. Nesi anasema wangechelewa siku moja wasingemkuta."

Hilaria akakaa chini, palepale shambani.

"Lakini huku watu wanasema," akaendelea Felician, "wanasema metimani yako ndiyo iliyomfikia, hata kabla hujavuka. Kwa hewa. Wanasema walipokukimbia tu, mtoto akaanza kupona. Wanasema sasa kila mtu ameona kwamba wazee walikuwa sahihi. Hata waliokuwa wameanza kuiacha desturi wameirudia. Mimi nimejaribu kuwaambia."

"Usiwaambie," akasema Hilaria. "Wakijua, siku nyingine hawatanikimbia."

Felician alicheka, akidhani ni utani, na kwa kweli nusu yake ilikuwa utani.

Mzee Hhando alikuja mavuno yalipoisha. Alisimama ng'ambo ya kijito, amevua kofia, maana alikuwa mtu wa heshima na kazi ile haikumpendeza. "Mwaka unaanza upya, binti," akasema. "Tungekuwa na la kufanya tungelifanya." Hilaria akampa shikamoo, na ahsante. Jioni ile alimwambia Nikolausi kwenye simu. Upande wa pili trekta lilisikika likipita. "Haya," akasema Nikolausi. Simu za kutoka Basotu zikaanza kuchelewa.

Familia ya Judica ilirudi nyumba iliposafishwa kwa kuchinja kondoo. Judica alihamisha muda wake wa kuchota maji. Asubuhi Hilaria alishuka kijitoni, akajaza ndoo, akapanda, na kutwa nzima hakutamka neno. Wakati mwingine aliyasemesha mahindi yaliyobaki, akajisikia mjinga, akanyamaza.

Hata asubuhi moja yenye ukungu alipokuwa ameinama majini, alisikia nyayo ng'ambo. Alikuwa Loveness, amesimama mahali Judica alipozoea kusimama. Mtoto alikuwa mgongoni. Mzazi hasemeshani na mtu wa metimani, hata wa ng'ambo ya maji, na Loveness hakusema kitu. Hata kichwa hakuinamisha. Alimshusha mtoto mbelekoni, akamfunua, akamwinua kwa mikono miwili kwenye baridi ile.

Mtoto alikuwa amenenepa, ana mapaja. Upepo ulimpiga tumboni. Akakunja uso, akavuta pumzi, akalia. Alilia kwa hasira, kwa sauti ya bibi yake, kilio kikajaa bonde, mbwa wa mbali wakaitikia.

"Loveness!" Judica aliita kutoka juu, ndani ya ukungu. "Mtoto ana nini? Mnyonyeshe!"

Loveness hakumbembeleza. Alimtazama Hilaria ng'ambo ya maji, akamwacha alie.